Fuwele ya barafu ikigeuka mvuke: uitazame kwa chombo kipi?

Barafu haihitaji kuyeyuka ndipo itoweke. Iweke penye baridi kali na hewa kavu, nayo itapungua siku hadi siku bila tone la maji kuonekana. Molekuli zinauacha uso wake na kwenda zao zikiwa mvuke, basi. Lakini kinachobaki si fuwele ileile iliyopungua ukubwa tu. Kona zimekuwa butu, kingo zimeviringana, na juu ya nyuso zilizokuwa laini kama kioo pametokea mifuo, vishimo na matuta ambayo hayakuwapo.

Anayetaka kuyachunguza mabadiliko hayo, awe mwanafunzi wa fizikia ya mawingu, mtaalamu wa kukausha vyakula kwa kuvigandisha, au mpiga picha wa theluji aliyechoka kuona nyota zake za theluji zikiharibika kabla hajapata picha, hukwama mapema kwenye swali moja: nitazame kwa nini? Njia zinazotumika sana ni nne: hadubini ya mwanga yenye jukwaa la baridi (kibao kilichopozwa cha kuwekea fuwele), hadubini ya elektroni, kuchukua chapa ya fuwele kwa plastiki, na kuiiga fuwele ndani ya kompyuta. Wengi huanza kwa kuuliza ipi inakuza zaidi. Kwangu mimi hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: chombo chenyewe kinaifanya nini fuwele wakati unaitazama? Taa huipasha joto, ombwe (nafasi isiyo na hewa) huinyonya, gundi huifunika. Hakuna kinachoitazama barafu na kuiacha kama ilivyokuwa, na tofauti kubwa kati ya njia hizi iko hapo.

Kwanza, tunatafuta kuona nini?

Fuwele ya kawaida ya barafu (wengine husema kristali) ni mche wa pembe sita: nyuso mbili bapa, moja juu na moja chini, na mbavu sita, yaani nyuso za pembeni, kuuzunguka. Inapokua, sura yake huamuliwa na nyuso zilizo vivu. Uso unaokua haraka husonga mbele mpaka ukajimaliza wenyewe, huku ule wa polepole ukizidi kutanuka. Ndiyo maana fuwele changa ina nyuso bapa na kingo kali.

Uvukizaji, yaani barafu kugeuka mvuke, huipindua kanuni hiyo. Safari hii wanaotawala ni wepesi, na sehemu inayopoteza molekuli haraka ndiyo inayoamua umbo. Molekuli iliyo katikati ya uso bapa imeshikwa na majirani wengi. Iliyo penye kona imeshikwa na wachache, na mvuke unaotoka kwenye kona hupata nafasi pana ya kusambaa hewani. Basi kona hutangulia kuondoka, kingo hufuata, na mche wa pembe sita huelekea kuwa kitu cha mviringo.

Sasa geuza hali. Toboa kijitundu ndani ya bonge la barafu kwa sindano nyembamba, kisha unyonye hewa kupitia sindano hiyohiyo ili barafu igeuke mvuke kwa ndani. Nyuso bapa zinarudi! Tundu linajichonga kuwa mche wa pembe sita uliotengenezwa kwa utupu, wenye kona kali kabisa. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1965, na vitundu hivyo huitwa fuwele hasi. Ndani ya uvungu, nyuso zilizo vivu ndizo zinazosalia, kama vile ilivyo kwa fuwele inayokua kwa nje. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba uvukizaji huilainisha barafu, muulize kwanza: kwa nje au kwa ndani?

Kwenye uso bapa wenyewe, molekuli huondoka kwa ngazi. Kipandio kimoja kina kimo cha nanomita 0.37 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), unene wa tabaka moja la molekuli. Molekuli hung'oka kwenye ukingo wa kipandio, kipandio kikarudi nyuma, kingine kikafuata. Vipandio vikibanana mahali pamoja hutokea tuta linaloonekana. Na palipo na kasoro katika mpangilio wa fuwele hufunguka kishimo. Kuna basi mizani mbili za kuangalia: umbo zima, ambalo hupimwa kwa mikromita makumi au mamia, na ngozi ya fuwele, ambayo huanzia chini ya nanomita moja. Chombo kinachofaa mizani moja mara nyingi hakifai nyingine.

Namba mbili za kukaa nazo kichwani kabla ya kununua chochote. Kilo moja ya barafu huhitaji takriban kilojuli 2,830 ili igeuke mvuke, zaidi ya mara nane ya joto linalotosha kuiyeyusha. Fuwele inayopungua kwa kasi hujipoza yenyewe, na halijoto inayosomeka kwenye jukwaa si lazima iwe halijoto ya fuwele. Ya pili ndiyo inayowaumiza watu zaidi: karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri, badiliko la nyuzi moja tu hubadilisha kanieneo ya mvuke ulioshiba juu ya barafu, yaani ule ambao barafu haikui wala haipungui ndani yake, kwa takriban asilimia 10. Jukwaa linaloyumba kwa nusu nyuzi linaitupa fuwele yako asilimia 5 huku na huku, mara inakua, mara inapungua, nawe unadhani hujagusa kitu.

Hadubini ya mwanga: unaona jambo likitendeka

Weka nyota ya theluji kwenye kioo kilichopozwa hadi -15°C, funga kichumba cha jukwaa, kisha pitisha hewa kavu taratibu. Mwanzoni huoni kitu. Halafu ncha za matawi zinapoteza ukali, kama penseli iliyoandikiwa ukurasa mzima. Vitawi vya pembeni, vilivyo vyembamba kuliko tawi linalovibeba, vinafupika vikirudi shinani. Michoro iliyobaki juu ya uso tangu wakati wa kukua, ile mistari na mibonyeo inayoipa kila nyota sura yake, inafifia. Ukingo wa kila tawi unakuwa mstari mweusi mnene, kwa sababu ukingo ulioviringana hupinda mwanga na kuutupa nje ya lenzi. Mwishoni kinabaki kisahani cha katikati chenye pembe sita za kukisia, kisha duara, kisha doa, kisha kioo kitupu.

Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa hadithi hiyo yote kwa fuwele moja ikiwa katika hewa ya kawaida. Hapa ndipo hadubini ya mwanga inapowashinda wenzake. Fuwele imezungukwa na hewa kama ilivyo wingu limezungukwa na hewa. Unaweza kuipunguza hewa hiyo ukipenda. Unaweza kuongeza mvuke ikakua tena, ukaupunguza ikaanza kuisha, ukarudia mara tano na kuona kama makovu ya awamu ya kwanza yanarudi palepale. Picha moja kila baada ya sekunde chache, na una filamu ya kupimia kasi ya kila kona.

Ni njia yenye historia pia. Wilson Bentley wa Vermont, Marekani, alipiga picha yake ya kwanza ya fuwele ya theluji kupitia hadubini tarehe 15 Januari 1885, na hadi mwisho wa maisha yake alikuwa amekusanya zaidi ya 5,000. Alifanyia kazi mahali pasipo na moto, na haraka, kwa kuwa fuwele iliyokwisha kutua kwenye kioo huanza kuisha papo hapo. Mwaka 1936 Ukichiro Nakaya, huko Hokkaido, Japani, alifanikiwa kuotesha fuwele ya theluji maabara, ikining'inia kwenye unywele wa sungura. Unywele ule unastahili neno moja, maana unagusa shughuli yetu: fuwele iliyoshikwa na unywele hutoa mvuke pande zote karibu sawa, lakini iliyolala juu ya kioo hutoa mvuke upande wa juu tu, na upande wa chini hupata au hupoteza joto kupitia kioo. Kama unapima kasi ya kupungua, usiilaze. Itundike kwenye uzi mwembamba, au kama maabara yako ina uwezo, ielee kwa nguvu za umeme bila kushikwa na kitu.

Udhaifu wake? Mwanga unaoonekana una urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700, kwa hiyo vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 au 300 vinaonekana kama kimoja. Barafu nayo ni angavu, hivyo mfuo wa upande wa chini unajitokeza juu ya mfuo wa upande wa juu na hujui upi ni upi. Kina cha kuonekana vizuri ni kifupi. Ukilenga uso, ukingo unakuwa ukungu. Na taa za zamani zina joto. Barafu huupitisha mwanga unaoonekana karibu wote, lakini miali ya infraredi huinyonya, na ndiyo inayoipasha. Taa ya LED, au kichujio cha joto mbele ya balbu, si anasa hapa.

Lakini usidanganyike na ule mpaka wa nanomita 200. Huo ni mpaka wa upana, si wa kimo. Mwaka 2010 kundi la Gen Sazaki, Hokkaido, lilionyesha vipandio vya nanomita 0.37 juu ya uso wa barafu kwa kutumia hadubini ya leza iliyounganishwa na mbinu inayobadilisha tofauti ndogo za kimo kuwa tofauti za mwangaza. Yaani kwa mwanga, kitu ambacho kwa upande wa kimo ni kidogo kuliko wimbi la mwanga wenyewe kwa zaidi ya mara elfu moja, kilionekana kikitembea. Ukisikia mtu anaipuuza hadubini ya mwanga kwa sababu haikuzi vya kutosha, mkumbushe hilo. Sharti lake ni uso mpana na bapa sana. Fuwele iliyokwisha kuviringana haitakupa kitu.

Hadubini ya elektroni: ngozi ya fuwele, kwa masharti

Hadubini hii hutazama kwa mwale wa elektroni badala ya mwanga, na kwa kawaida ndani ya ombwe. Jina ni moja, ila chini yake kuna vyombo viwili vinavyofanya kazi kinyume, na kuvichanganya ni kosa la kawaida la wanaoanza.

Cha kwanza huigandisha hadithi. Fuwele inatumbukizwa katika nitrojeni ya kimiminika, -196°C, inapakwa utando mwembamba wa platinamu, na kutazamwa ikiwa bado kwenye baridi ya nyuzi 170 hivi chini ya sifuri. Kwa njia hii William Wergin na Eric Erbe, katika kituo cha utafiti cha wizara ya kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, walitoa katika miaka ya 1990 picha za theluji zenye undani wa kushangaza: fuwele zenye kingo zilizochongwa na uvukizaji, matone ya wingu yaliyogandia juu yake, chembe za theluji kuukuu zilizoviringana na kushikana shingo.

Kwa nini baridi yote hiyo? Fanya hesabu. Ndani ya ombwe, pasipo kitu cha kuzuia molekuli zisiende, nadharia ya mwendo wa gesi inaweka kikomo cha juu cha kasi ya barafu kupungua. Kwa -20°C kikomo hicho ni takriban mikromita 130 kwa sekunde: fuwele ya wastani ingeisha kabla hujalenga. Kwa -100°C ni karibu nanomita 2 kwa sekunde. Bado inatosha kula michoro midogo ya uso wakati unakunywa chai, na wanaotazama seli zilizogandishwa huitumia kasi hiyohiyo makusudi ili kuondoa barafu ya juu na kufichua kilicho chini. Kwa -170°C barafu imetulia kabisa. Kwa hiyo picha ya aina hii ni ya kuaminika kwa kile fuwele ilichokuwa wakati inatumbukizwa. Haisemi neno lolote juu ya ilivyofika hapo, na fuwele iliyopakwa platinamu haiwezi kurudishwa kazini.

Chombo cha pili huiacha fuwele hai. Badala ya ombwe kali, chumba chake kina mvuke wa maji kwa kanieneo ndogo. Aina hii iliendelezwa hasa na Gerasimos Danilatos kuanzia miaka ya 1980. Ukiweka mvuke wa paskali 50, barafu iliyo karibu na -27°C haikui wala haipungui. Ipashe jukwaa nyuzi moja, inaanza kuisha. Ipoze nyuzi moja, inaanza kukua. Unacheza na kisu cha pande mbili huku ukitazama uso kwa undani ambao hadubini ya mwanga haiwezi kuufikia, na kwa kina cha picha kinachofanya kila kishimo kionekane kama bonde.

Kwa njia hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha wazi jambo ambalo picha za mwanga zilikuwa zinalificha: mbavu za mche wa barafu, wakati wa kukua na wakati wa kupungua pia, huota matuta yanayokatiza ubavu, yakiachana kwa mikromita 5 hadi 10. Matuta hayo yalikuwa dhahiri zaidi pale halijoto ilipokaribia ile ambayo barafu haikui wala haipungui. Hebu lifikirie hilo kidogo. Ubavu ambao kila kitabu cha shule huuchora kama kioo bapa, ukiutazama kwa karibu ni kama shamba lililolimwa matuta. Na si jambo la urembo tu. Mwanga wa jua unaopita katika miche laini hutengeneza ile duara ya nyuzi 22 kuzunguka jua, kwa kuwa mbavu mbili za mche zinazoachana kwa moja huunda pembe ya nyuzi 60. Mbavu zikiwa na matuta, miali hutawanyika ovyo, duara hufifia, na mawingu ya juu ya barafu huakisi jua tofauti na hesabu za fuwele laini zinavyosema.

Ningependa kuishia hapo nikisema chukua chombo hiki. Lakini kina mambo mawili yanayonitia wasiwasi, na la kwanza ni kubwa kuliko watu wanavyokubali.

Ndani ya kile chumba hakuna hewa. Kuna mvuke mtupu, mwembamba. Katika hewa ya kawaida, molekuli inayotoka kwenye fuwele hugongana na hewa na kusafiri polepole, ndiyo maana kona, zilizo nje zaidi, hupendelewa. Kwenye mvuke mwembamba kizuizi hicho karibu kinaondoka, na kinachoamua umbo ni jinsi molekuli zinavyong'oka kwenye uso wenyewe. Fuwele inayopungua katika wingu na fuwele inayopungua chini ya elektroni zinaweza kuwa na halijoto ileile na upungufu uleule wa mvuke, na bado zikachongwa tofauti. Ukitaka kusema lolote kuhusu wingu kwa ushahidi wa chombo hiki, hilo lazima uliseme wazi.

La pili ni mwale wenyewe. Elektroni hupasha joto pale zinapotua na huvunja molekuli za maji. Ukikuza sana, nguvu ileile inaangukia eneo dogo zaidi, na kishimo unachokishangilia huenda umekichimba wewe.

Chapa ya plastiki: rahisi, na ina mtego

Mwaka 1941 Vincent Schaefer, akiwa Marekani, alichapisha njia ya kuhifadhi umbo la theluji bila theluji yenyewe. Unayeyusha plastiki iitwayo Formvar katika kiyeyusho kinachokauka haraka, unaipoza chini ya sifuri, unailaza fuwele ndani ya tone lake. Kiyeyusho kinakauka, utando mwembamba unaigandamia fuwele, kisha barafu inajiondokea ikiwa mvuke kupitia utando huo. Kinachobaki ni ganda lenye kila mstari wa uso, unaloweza kuliweka mezani penye joto na kulitazama mwakani. Siku hizi wapo wanaotumia gundi ya supaglu iliyopozwa, wakaiacha sahani kwenye friza kwa wiki moja au mbili hadi ikauke.

Sifa yake kubwa ni kwamba unaweza kuifanyia popote penye baridi, bila umeme, na kukusanya mamia kwa siku moja. Kwa mtu anayetaka kujua ni sehemu gani ya fuwele zinazoanguka zimekwisha kuviringana, sioni njia inayoipita.

Mtego wake ni huu. Utando ukiwa mwembamba mno, au ukikauka na matundu madogo, barafu iliyo chini yake huanza kutoa mvuke kupitia matundu hayo tu. Matokeo yake ni vishimo vizuri vya pembe sita vilivyopangika kwa mwelekeo mmoja. Wanaochunguza barafu ya mito na barafu za milimani huvitengeneza kwa makusudi, maana vinaonyesha fuwele imelala upande gani. Asiyejua atavihesabu kama kazi ya uvukizaji wa angani. Njia ya kujikinga ni kuchukua chapa mbili za theluji moja, utando mzito na utando mwepesi: vishimo vikiwa vingi kwenye mwepesi peke yake, ni vyako, si vya mbinguni. Tena kiyeyusho cha Schaefer ni sumu, fanyia kazi penye hewa inayopita.

Kompyuta

Hapa nitakuwa mfupi. Uigaji wa molekuli moja moja ndio peke yake unaokuonyesha kifungo kikikatika na molekuli ikiruka. Ubaya ni ukubwa. Utafiti uleule wa matuta wa 2010 ulijenga nguzo ya barafu ya molekuli 8,400 ndani ya kompyuta, na matuta hayakutokea. Si ajabu: mchemraba wa barafu wenye upande wa mikromita moja una molekuli karibu bilioni 30, na matuta yanaachana kwa mikromita 5 au zaidi. Kutotokea kwake kulisaidia kwa namna yake, maana kulionyesha kwamba chanzo cha matuta kiko kwenye mizani kubwa zaidi, au kwenye muda mrefu zaidi. Mifano ya kompyuta inayofuata mvuke unavyosambaa, badala ya molekuli, huweza kufuata umbo zima la fuwele ikiviringana, lakini lazima uiambie mwenyewe kila uso unang'oka kwa kasi gani, na namba hizo zinatoka kwenye hadubini. Kompyuta basi ni ya kuandamana na chombo kingine.

Sasa, uchague kipi?

Kama swali lako linaanza na "kwa kasi gani" au "kwa mpangilio upi", chukua hadubini ya mwanga, na fedha utakazookoa uzitie kwenye jukwaa la baridi, si kwenye lenzi. Jukwaa linaloshikilia halijoto ndani ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi linakupa udhibiti wa mvuke wa asilimia moja. Lenzi ya bei juu kwenye jukwaa linaloyumba inakupa picha safi ya jambo usilolijua. Kwa mwanafunzi anayeanza sina ushauri mwingine.

Kama swali ni "uso wake ukoje", na unahitaji kuona chini ya nusu mikromita, huna budi kwenda kwenye elektroni. Hapo amua kati ya viwili: fuwele iliyotoka nje, angani au kwenye theluji iliyolala, ipeleke kwenye nitrojeni mara moja na kuitazama ikiwa imegandishwa, kwa sababu kila dakika ya safari inaibadilisha. Fuwele unayoiotesha mwenyewe ili kuona matuta na vishimo vikizaliwa, itazame kwenye mvuke. Ukiwa na nafasi ya siku chache tu kwenye chombo cha watu, ningeanza na ile iliyogandishwa. Kile cha mvuke kinahitaji mazoea, na siku ya kwanza yote huishia kwenye kutafuta halijoto ambayo barafu inatulia.

Kama unahitaji wingi, chapa. Kama unahitaji wingi lakini fuwele ziko angani kilomita kumi juu na huwezi kuzishika, kuna vyombo vya kwenye ndege vinavyopima jinsi kila chembe inavyotawanya mwanga wa leza. Havikupi picha ya mfuo hata mmoja. Vinakuambia tu kama fuwele ni laini au ina makwaruzo, jambo ambalo kwa wanaohesabu joto la dunia mara nyingi linatosha.

Ninaloshauri zaidi ni kuoanisha mbili. Hadubini ya mwanga kwa filamu ya umbo, kisha fuwele ndugu za kundi hilohilo, zilizosimamishwa katika hatua tofauti za kupungua, kwenye elektroni kwa ajili ya ngozi. Ni kazi mara mbili, ila filamu inakuambia ile picha ya ngozi ni ya dakika ya ngapi.

Na kama mwishowe umeketi mbele ya hadubini ya elektroni yenye mvuke, umepata uso uliojaa vishimo, na moyo unadunda, fanya hivi kabla ya kumwita mtu. Zima mwale. Iache fuwele dakika tano katika halijoto ileile na mvuke uleule. Washa tena, lakini usirudi ulipokuwa: nenda kwenye ubavu wa pili ambao mwale haujaugusa, na upige picha moja tu kwa ukuzaji mdogo. Vishimo vikiwapo na huko, mwite.